Kinasa Sauti cha Ukulele

Kila jioni, Kaluki akishamaliza kuosha vyombo, aliketi kwenye ngazi nyuma ya magorofa ya Kileleshwa, walikopanga chumba kimoja yeye na mama yake, akapiga ukulele, kigitaa chake kidogo cha nyuzi nne. Alipiga mpaka vidole vikamwasha. Hakuna aliyemfundisha, alijifunza kwa masikio yake na ukaidi wake.

Mama yake, Ndunge, alikuwa msafishaji katika hospitali moja huko Upper Hill. Jumapili zote alikuwa zamuni, kwa hivyo hakuwahi kumsikia bintiye akipiga kanisani. Safari hii alimbembeleza mwenzake wakabadilishana zamu, maana Jumapili ya Watoto ilikuwa imewadia na Kaluki angepiga wimbo peke yake.

Tatizo ni kwamba kanisa lao la Kilimani lilikuwa kubwa, na ukulele ni kachombo kadogo.

"Kaluki, huku nyuma sisikii kitu," alisema Mwalimu Kibe, kiongozi wa kwaya ya watoto. "Kipaza sauti nacho kinavuma tu. Tafuta kinasa sauti, kile kidude kinachofungwa kwenye ala na kuunganishwa na spika. Chukua kisichotaka betri. Hicho ndicho cha bei nafuu. Jumamosi tusipokusikia, Stacy atapiga kinanda mahali pako."

Mama akatoa pesa alizokuwa ameweka za viatu vyake. Ijumaa baada ya shule Kaluki akashuka mjini kwenye duka la ala za muziki. Humo alikuta vijana wawili wakijaribu magitaa makubwa kwa mbwembwe. Mwenye duka, mama aitwaye Waithera, akamkaribisha.

"Sasa, mrembo? Unatafuta kinasa cha ala gani?"

Kaluki akawatupia jicho wale vijana. Kwaya nzima ilishamcheka kwamba anabeba gitaa la kuchezea. Akaona haya.

"Cha gitaa," akajibu.

"La nyuzi za chuma?"

"Ndiyo."

Lo! Msichana huyo hajawahi kumiliki gitaa tangu azaliwe! Basi akauziwa kinasa cha sumaku, cheusi, kinachong'aa, naye akatoka kichwa juu.

Jumamosi asubuhi alikifunga kwa selotepu, kwa kuwa kilikuwa kipana kuliko tundu la ukulele. Mwalimu Kibe akachomeka waya. Kaluki akapiga. Hola! Akapiga kwa nguvu zaidi. Spika zikawa kimya kama maji mtungini.

"Pole, Kaluki," alisema Mwalimu. Hakuwa amekasirika, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. "Muda umekwisha. Stacy, njoo kwenye kinanda."

Nyumbani alimkuta Mama akipiga pasi gauni lake la kesho, huku akiimba.

"Enhe, kinalia vizuri?"

Kaluki akaangua kilio. "Wameniuzia kibovu, Mama!"

Uongo wa kwanza ulikuwa umezaa wa pili. Ndunge hakungoja. Alichomoa pasi, akamshika binti mkono, wakaenda mjini moja kwa moja. Njia nzima Kaluki alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Mama, wewe huna watoto?" Ndunge alimwakia Waithera. "Unamuuziaje mtoto kitu kibovu?"

Waithera alikifunga kile kinasa kwenye gitaa la dukani, akakwaruza nyuzi. Duka zima likajaa sauti.

"Kibovu ni kipi hapa, mama?"

Kaluki aliona mama yake anaaibika mbele za watu kwa kosa lisilo lake.

"Mama, si yeye," akasema kwa kwikwi. "Aliniuliza, nikamdanganya. Niliona haya kutaja ukulele mbele ya vijana waliokuwa hapa, wasije wakanicheka."

Waithera akatikisa kichwa. "Mtoto wewe! Sumaku husikia chuma tu. Nyuzi zako ni za nailoni. Ungepiga mpaka mwakani. Ukulele hutaka hiki cha kubandika. Hushika mtikisiko wa ubao wenyewe, hakitaki betri, tena ni rahisi kuliko kile."

Akawabadilishia, akawapa na chenji. Lakini maji yakimwagika hayazoleki. Jumapili Stacy alipiga kinanda, kanisa likamshangilia. Kaluki alikaa benchi la nyuma karibu na mama yake, machozi yakimlengalenga. Jumapili ijayo Mama angekuwa zamuni, na zote zitakazofuata.

Watu walipotoka, Ndunge akamwendea Mwalimu Kibe. "Mwalimu, tafadhali usizime spika bado."

Mwalimu akachomeka waya. Kaluki akapiga wimbo wake wote. Kila uzi ulisikika mpaka ukuta wa nyuma, juu ya mabenchi matupu. Mbele yake Mama alikuwa amekaa peke yake.

"Umepiga vizuri, mwanangu," alisema Ndunge akipangusa macho. "Lakini nilitaka nikusikie watu wakiwepo, nami niringe kidogo. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Ulicho nacho, kitaje kwa jina lake, hata wakicheka. Kicheko cha wale vijana kingeishia palepale dukani. Siku ya leo hairudi."

"Ndiyo, Mama," Kaluki akajibu, akaanza kuukunja waya.