Hataki Mota ya Dukani

Nilikuwa nimetoka kununua mafuta ya taa, basi. Umeme wa Ukunda mwaka ule wa tisini na nane ulikuwa wa kubahatisha, maana mvua za El Nino zilikuwa zimeangusha nguzo, na nilikuwa na redio ya mtu ya kumaliza kutengeneza kabla sijafunga kibanda. Niliporudi, jua lilikuwa linatua. Mlangoni palikuwa na mzee amesimama, amepakata lori la rimoti kifuani kwa mikono miwili.

Nikamwamkia shikamoo. Hakuitikia.

Huyu ana kiburi, nikasema moyoni, na watu wa kiburi ninawajulia dawa. Lakini ngoja nikueleze kazi yangu kwanza, maana wapo watakaokuambia Mwanapili ni mwizi, na afadhali usikie kwangu. Wazungu wenye nyumba zao kule Galu walikuwa na mchezo wa kushindanisha malori madogo ya rimoti kwenye mchanga. Watu wazima, wana mvi, na gia ikikatika meno wanataka kulia. Chumvi ya pwani haina huruma na vyuma. Vipuri vya orijino vilitoka Japani, mpaka mgeni avibebe kwenye begi lake. Mimi nilikuwa navyo vya feki kutoka Mombasa, sanduku zima, gia za plastiki na mota zisizomaliza mwezi. Siri yake ni ndogo: nje uache orijino, ndani utie feki. Mteja akilisoma jina kwenye ganda anaridhika, anakwenda zake. Ndiyo sababu nilitundika kanga katikati ya kibanda, nikawa ninawaambia watu kwamba fundi hafanyi kazi akiangaliwa. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, walinisengenya sana kwa msemo huo. Waache wasengenye. Binti yangu Yusra alikuwa na miaka saba, baba yake keshakwenda zake, na hakulala njaa hata siku moja.

Jioni hiyo Yusra alikuwa barazani, mlango wa pili, amekaa kati ya magoti ya jirani yangu Kadzo. Kadzo ni msusi. Alikuwa amemfumua nywele zote, anazichana ili azisuke upya kesho yake.

Mzee akaniambia anaitwa Rai, wa Mwabungo. Mota ya lori imeungua. Akasema hataki ya dukani.

"Ninayo orijino, baba," nikamwambia. "Ya Japani."

"Ya dukani yote ni feki," akasema taratibu. "Nifungie kama iliyomo."

Nikacheka. Mtu aje kunifundisha mimi mota? Nikalichukua lori, nikatoa betri, nikaiweka kando kabisa. Bisibisi mara mbili tatu, mota ikatoka. Ganda lake lilikuwa safi, jina limepigwa vizuri, orijino kwelikweli, hata mimi nililitamani. Nikalifungua.

Harufu ikanipiga.

Udi. Halafu, chini ya udi, ile harufu ambayo kila mwanamke anaijua... nywele zilizoungua.

Mahali pa waya wa shaba palikuwa na nywele. Nyeusi, laini, zimepakwa mafuta, zimezungushwa kwenye chuma kwa mkono wa fundi hasa, duru juu ya duru. Upande mmoja ulikuwa umeungua. Katikati yake ulikuwa umenasa ushanga mmoja wa buluu, wa kusukia mtoto.

Sisi huku pwani hatutupi nywele. Ukichana unazikusanya, unazizika au unazichoma, na hata mtoto mdogo anajua ni kwa sababu gani. Mtu mwenye nywele zako ameshika mshipi, na wewe ndiwe samaki. Na hapo nilikuwa nimemshika mtoto wa watu kiganjani.

Nikainua uso. Mzee hakuwa akiniangalia mimi. Alikuwa akiangalia barazani.

"Zile zinatosha," akasema.

Niliogopa. Sisemi uongo. Nikataka kupiga kelele, na hapo ndipo niliposikia mezani...

Gri. Gri. Gri.

Lori halina betri. Halina mota. Magurudumu ya mbele yalikuwa yanakata kona yenyewe, polepole, mpaka yakaelekea barazani. Yakasimama.

Nje Yusra akanyanyuka. "Mama," akasema, "linaniita."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Hofu yangu yote ikageuka hasira, na mimi nikikasirika hata wanaume wa stendi wananikwepa. Nikamwambia mzee kwamba sawa, nitazikata mwenyewe, yeye akae kwenye benchi la ndani, fundi hafanyi kazi akiangaliwa. Nikatoka barazani. Nikamnong'oneza Kadzo ampeleke mtoto msikitini, kwa mwalimu wake wa chuo cha Kurani, na asigeuke nyuma kwa lolote. Kadzo hakuuliza, uso wangu ulimtosha. Nikachukua pakiti yake ya nywele za bandia za kusukia, naye akamweka Yusra mgongoni, wakaondoka.

Nikaingia na lori nyuma ya kanga, nikazifungua nywele za yule mtoto wa watu, nikazitia kwenye kitambaa pamoja na ushanga wake. Kisha nikaanza kuzungusha za bandia. Maisha yangu yote nimewadanganya watu kwa feki, nikajiambia, leo ndiyo nishindwe? Nikazungusha haraka. Adhana ya magharibi ilikuwa inaanza.

Nikairudisha mota kwenye lori. Haikuzunguka.

"Haiendi," akasema mzee. Alikuwa karibu mno... pumzi yake ilikuwa inaisukuma kanga. "Yule mtoto amekwenda wapi?"

Gri. Gri.

Magurudumu yakaanza kutafuta. Yakageuka upande wa msikiti.

Ng'o. Hilo nililisema kwa sauti. Nikaitoa mota tena, nikavua ushungi, nikashika koleo la kukatia waya, nikakata nywele zangu mwenyewe nyuma ya sikio, karibu na ngozi. Nikazizungusha juu ya zile za bandia, tabaka moja tu. Nje orijino, ndani feki. Liwalo na liwe.

Mota ikalia mkononi mwangu. Ikazunguka bila betri, bila waya, na mimi nikahisi ngozi ya kichwa inavutwa kila ilipozunguka. Nikang'ata meno, nikaifunga kwenye lori.

Mzee akafunua kanga. Akalichukua lori, akalinusa. Muda mrefu.

"Ni za mtoto?"

"Za mtoto," nikasema, nimemkazia macho.

Hakuaga. Alilishusha chini, akashika njia ya Mwabungo, na lori likamfuata. Hakuwa na rimoti mkononi.

Kadzo alikwenda kuulizia. Rai yupo kweli. Wanasema alimzika binti yake wakati wa El Nino, na lile lori alipewa na Mzungu aliyekuwa akimfanyia kazi ya bustani, ampelekee mtoto. Tangu msiba ule, kila magharibi, uani kwake husikika lori likizunguka na mtoto akicheka. Wengine wanasema anayecheka si binti yake, ni kitu kilichomwitikia alipokuwa akimlilia. Mabinti watatu wa jirani walitokwa na doa la upara kichwani, kisha wakaanza kukonda. Mmoja amekwisha kufa. Aliyeifunga ile mota ya kwanza hakuna anayemtaja. Zile nywele na ushanga tulizizika kwa kisomo, mimi na mwalimu, na mwenyewe ni nani sijui mpaka leo.

Yusra nimempeleka Msambweni kwa mama yangu. Mimi siendi kumwona. Watu wananiona sina moyo, lakini nywele zangu ziko ndani ya lile lori, na nikienda Msambweni litanifuata mpaka mlangoni kwa mwanangu. Ninalia, sitaficha. Halafu ninafungua kibanda.

Feki haimalizi mwezi. Siku ya ishirini na tano, jua linatua, nikasikia gri, gri kwenye kokoto. Nikafungua mlango mwenyewe. Rai alikuwa ng'ambo ya barabara. Lori lilikuwa miguuni pangu, linatoa moshi wa plastiki.

"Hazikuwa za mtoto," akasema.

"Hazikuwa. Na za mtoto huzipati."

Magurudumu yakageuka upande wa kusini, barabara ya Msambweni. Nikaliokota kabla halijaondoka, nikaliweka mezani, nikachukua koleo.

Tangu siku hiyo anakuja kila mwezi, na kila mwezi ninalifunga kwa nywele zangu ili lisiende Msambweni. Nilipokata hapaoti tena. Jana nimemaliza upande wote wa kushoto, na yeye alikuwa ameinama mlangoni, ananitazama.

"Zitaisha," akaniambia. Kisha akacheka, mara ya kwanza nimsikie akicheka, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mtoto mdogo.

Nilikaza skrubu ya mwisho, nikamsukumia lori lake.

"Zikiisha nina kucha," nikamwambia. "Kucha zikiisha nina meno. Kaa hapo usubiri."