Mtihani wa Mama

Nyumbani walimwita Fundi, kwa sababu simu ikigoma au kompyuta ikizimika, yeye ndiye aliyeitwa. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Kila alasiri alifagia sebule, akamnawisha mdogo wake miguu, kisha akamwashia mama kompyuta juu ya meza ya kulia.

Mama alikuwa muuguzi msaidizi katika wodi ya watoto. Kwa miaka mingi alitamani chuo kikuu, lakini chuo kilikuwa mbali na kazi haikumpa nafasi. Masomo yalipoanza kutolewa mtandaoni, alikuwa miongoni mwa wa kwanza kujiandikisha.

Siku moja alirudi kutoka zamu ya usiku akiwa hoi. Mtihani ulikuwa unafungwa jioni ile ile.

"Mama, amka. Mtihani," Fundi alimwita.

"Niache kidogo tu." Mama akageukia ukutani.

Alimwita tena na tena, wapi. Saa zikawa zinayoyoma. Fundi alimwonea huruma mama yake, akaketi, akaufungua mtihani mwenyewe. Majibu asiyoyajua aliyatafuta mtandaoni. Matokeo yakatokea papo hapo: tisa kwa kumi.

Mama alipoamka, aliyaona matokeo kwenye kioo cha kompyuta.

"Nani amefanya huu?"

"Mimi. Nilitaka upumzike. Umefaulu, mama."

Mama hakufoka. Alimwonyesha swali lile moja alilokosea. "Hapa wanauliza kipimo cha dawa ya mtoto wa mwaka mmoja. Kwa jibu lako, mtoto huyo angekufa."

Fundi alilisoma swali lile upya.

Mama akampigia simu mhadhiri wake. "Mwalimu, mtihani ule sikuufanya mimi. Nililala, binti yangu akanifanyia."

Mhadhiri alimshukuru kwa kusema kweli, lakini hakuwa na la kufanya. Alama zingefutwa, na mama angelirudia somo lile mwaka unaofuata. Kuhitimu kungechelewa.

"Nimeelewa," mama alisema.

"Lakini hakuna aliyeona," Fundi alisema huku akilia. "Ungenyamaza tu."

Mama alikwenda jikoni, akabandika maji ya chai.

Mwaka uliofuata, siku ya mtihani, Fundi alimwamsha mama mapema, hakumwacha mpaka alipokaa kitako kitandani. Kisha akamchukua mdogo wake, akaenda kucheza naye uani ili nyumba itulie. Waliporudi, mama alikuwa amemaliza. Alikuwa amepata alama saba kwa kumi.

"Ni chache kuliko zile," Fundi alisema taratibu.

"Ni chache, ila ni zangu," mama alijibu, akamvuta karibu. "Leo umenisaidia kweli, mwanangu. Umenipunguzia kazi, hukuninyima kujifunza. Mzazi akinikabidhi mtoto wake mgonjwa, anaamini kwamba ninajua ninachofanya. Siwezi kumdanganya mtu huyo."