Bangili Yenye Harufu ya Kafuri

Kila siku ya shule, Dunia alipoamka alimkuta Melania ameshawasha jiko. Melania alikuwa binti kutoka kijiji cha Kidahwe aliyeishi nao hapo Kasingirima, Ujiji, akimsaidia mama kuchuja na kuuza mawese. Dunia alifagia uani, akasuuza madumu kwa maji ya moto, akanywa uji harakaharaka. Melania ndiye aliyemkagua kola na vifungo kabla hajatoka, kwa sababu saa hizo mama alikuwa ameshakwenda sokoni, na baba yake, mzee Amuri, alikuwa ufukweni akipokea dagaa waliovuliwa usiku.

Jumatatu moja Dunia alificha kitu kwenye begi lake la shule. Ilikuwa bangili ya bibi yake, mama mzazi wa mama, aliyevuka ziwa kutoka Uvira akiwa bi harusi na kuzeekea Ujiji. Bibi alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka. Baada ya arobaini mama aligawa vitu vyake, na bangili ikamwangukia Dunia. Ilikuwa pana, ya rangi ya maziwa mgando, yenye vistari vyembamba mwili mzima. Hakuna aliyejua imetengenezwa kwa kitu gani. Bibi alikuwa akisema tu kwamba aliirithi kwa mama yake. Mama alimwambia Dunia ataivaa kwenye harusi ya mjomba wake huko Mwamgongo, na kabla ya hapo asiitoe ndani ya nyumba.

Lakini Dunia alitaka wenzake waione. Wakati wa mapumziko, nyuma ya darasa la sita, alimwonyesha rafiki yake Recho. Recho aliigeuzageuza, akaigonga kwa ukucha, kisha akairudisha upesi kana kwamba imemchoma.

"Hii ni pembe ya ndovu," alisema kwa sauti ya chini. "Umesahau tulivyofundishwa? Ukikutwa na nyara za serikali unafungwa. Wanamfunga mwenye nyumba."

Mwenye nyumba alikuwa baba. Siku ile Dunia hakusikia tena lolote alilofundishwa. Alikumbuka kwamba boti ya kwenda Mwamgongo hupita Gombe, na askari wa hifadhi huipanda pamoja na abiria wengine. Alijiona amekaa kwenye ubao wa boti, mkono umenyooka, bangili inang'aa mbele ya macho yao. Alitamani kumweleza mama, lakini angeanzaje bila kusema kwamba aliipeleka shuleni baada ya kukatazwa?

Recho alikuwa amesikia kwamba mtu anaweza kutambua kwa sindano ya moto. Ikiyeyusha, ni plastiki. Isipoyeyusha, ni pembe au mfupa. Basi kesho yake, mama akiwa sokoni na Melania amekwenda bombani, Dunia alipasha sindano kwenye makaa mpaka ikawa nyekundu. Aliishika kwa kitambaa, akaigusisha upande wa ndani wa bangili.

Haikuyeyuka polepole kama alivyotarajia. Iliwaka. Mwali mweupe wa moto uliruka, ukamlamba kidole, naye akaitupa bangili chini na kuimwagia maji ya ndoo. Moto ulizimika, ukaacha doa jeusi na harufu kali iliyojaa jikoni. Dunia aliijua harufu ile. Ilikuwa kafuri, harufu ya chumba alimooshewa bibi siku ya maziko. Alitoka nje mbio, akafukua udongo chini ya mgomba, akaifukia bangili na kuikanyagia juu. Melania aliporudi na kuuliza habari za kidole, Dunia alisema ameungua na sufuria ya uji. Melania alimwekea kidole kwenye maji baridi mpaka maumivu yakapungua, wala hakuuliza zaidi.

Siku chache baadaye mama aliitaka bangili aisafishe kwa ajili ya harusi. Dunia alijibu kwamba aliiacha sandukuni. Mama alipekua sanduku, akakung'uta kanga, akainua godoro. Chumba kile walilala watu wawili tu, Dunia na Melania. Dunia aliona macho ya mama yakihama kutoka kwake kwenda kwa Melania, na akajua linalokuja. Angeweza kulizuia kwa neno moja, lakini aliinama akaanza kukunja kanga.

Mama hakugomba. Alimwita Melania jikoni, akamwuliza mara moja, na mara ya pili.

"Mama, sijaigusa," Melania alisema.

Mama akamwambia ingekuwa vyema apumzike kwao kwanza, mpaka kitu kitakapoonekana. Melania alifunga nguo zake kwenye kanga. Mlangoni alimgeukia Dunia, akamwomba kwamba ikionekana amtumie salamu hata kwa mtu wa gari za Kasulu zinazopita Kidahwe. Kisha akaenda, na uani pakabaki madumu ambayo hakuna aliyeyaosha.

Tangu hapo Dunia alikuwa akipima mambo mawili. Akisema, baba atafungwa. Akinyamaza, Kidahwe nzima itaamini kwamba Melania aliiba. Akiwa darasani alishtuka kila mlango ulipofunguliwa, akidhani ni askari. Kidole kilianza kutunga usaha kwa sababu alikifunga kwa kitambaa kichafu ili watu wasikione.

Hatimaye alitoka shuleni akaenda moja kwa moja ufukweni. Baba alikuwa akigeuza dagaa kwenye vichanja. Dunia alimwamkia, halafu akasema yote bila kupumua: shule, Recho, sindano, moto, mgomba, Melania.

Baba aliweka chini fimbo ya kugeuzia.

"Kwa nini hukuniambia siku ileile?"

"Niliogopa watakufunga."

Walikwenda nyumbani pamoja, wakapitia zahanati kidole kikasafishwa na kufungwa upya. Kisha baba akaifukua bangili. Aliipangusa, akaishika kwenye mwanga, na Dunia akaona kwamba naye hakujua, na kwamba naye aliogopa. Mama aliporudi na kuelezwa, alikaa kitako juu ya kinu. Alisema waitupe ziwani, yaishe.

"Tukiitupa hatutajua kamwe ilikuwa nini," baba alimjibu. "Na Melania tutamwambia nini?"

Asubuhi iliyofuata baba na Dunia walikwenda kwenye ofisi ya wanyamapori mjini Kigoma, bangili ikiwa imefungwa kwenye gazeti. Walisubiri kwenye benchi. Kila mtu mwenye sare alipopita, Dunia alimshika baba mkono, na mkono wa baba ulikuwa na jasho. Walipoitwa, baba hakukaa. Alimweleza ofisa, mama mmoja aitwaye Skolastika, kwamba wamekuta kitu hiki kwenye urithi, hawajui ni nini, na kama ni pembe wamekuja kukisalimisha wenyewe.

Bi Skolastika aliwaambia wakae. Aliipima bangili kiganjani, akachukua kioo cha kukuzia, akaizungusha taratibu chini ya taa. Kisha ofisa akaanza kuisugua kwa kidole gumba, kwa nguvu, mpaka ikapata joto, akainusa.

"Nusa na wewe," alimwambia Dunia.

Ilikuwa kafuri. Dunia alirudi nyuma, lakini Bi Skolastika alitabasamu. Akaeleza kwamba pembe halisi ni nzito na baridi mkononi, na ukitazama mahali ilipokatwa utaona mistari inayopishana kama matundu ya wavu. Mfupa una vitundu vidogo kama vya sindano. Hii ilikuwa nyepesi, na vistari vyake vilikwenda sawasawa kama vya daftari, mistari isiyoota hivyo kwenye pembe ya mnyama. Ni seluloidi, alisema, plastiki ya zamani sana iliyotengenezwa kwa pamba na kafuri. Watu waliipenda kwa sababu ilifanana na pembe.

Baba aliuliza ina umri gani, akaeleza kwamba bibi yake Dunia aliirithi kwa mama yake. Bi Skolastika alijibu kwamba hawezi kutaja mwaka, kwa kuwa haina alama ya kiwandani. Ila bangili za namna hii ziliachwa zilipokuja plastiki nyingine zisizowaka ovyo, kwa hiyo inaelekea ni ya tangu ujana wa mama yake bibi, karibu miaka mia.

"Kwa hiyo si kosa kuwa nayo?" Dunia aliuliza.

"Si kosa. Lakini kuijaribu kwa moto lilikuwa kosa kubwa. Kitu hiki kinawaka kama petroli. Ungeweza kuunguza nyumba." Akaifunga tena kwenye gazeti. "Na kama ingekuwa pembe, mmefanya linalotakiwa. Mmekuja wenyewe."

Nje ya ofisi baba aliegemea ukuta, akavuta pumzi ndefu. Dunia alitamani kufurahi, lakini bado palikuwa na Kidahwe.

Jumamosi yake alikwenda huko na mama. Walimkuta mama yake Melania, Bi Eufrasia, akipepeta maharage mbele ya nyumba. Aliwaamkia "Mwakeye" kwa Kiha, akawapa viti, lakini uso wake haukufunguka. Melania alitoka ndani akasimama mlangoni. Dunia alipiga magoti, akasema mwenyewe, bila mama kumsaidia, kwamba aliificha bangili kwa mikono yake na akanyamaza Melania alipofukuzwa. Mama naye akasema amekosa, kwa sababu alimhukumu mtoto wa mwenzake bila ushahidi.

Melania alilia kwanza. Kisha akasema amewasamehe, ila hatarudi mpaka maharage yaishe kuvunwa, kwa sababu nyumbani nako wanamhitaji. Mama alikubali.

Bi Eufrasia aliweka ungo chini, akamwinua Dunia kwa kumshika bega.

"Kuogopa si kosa, mwanangu. Sisi sote tunaogopa," alisema. "Lakini kitu usichokijua, kipeleke kwa wakubwa siku ileile ulipokitilia shaka, hata kama umekosea. Wewe ulikaa na hofu yako, na mwanangu ndiye aliyeubeba mzigo wake. Umesema kweli leo, nami nashukuru. Siku nyingine iseme mapema, kabla mtu mwingine hajalia."