Joto Lililomwagwa Baharini

Wimbi liliinuka ghafla nje ya mlango wa bandari, likaipiga boti ubavuni na kumwaga bahari ndani. Zoya alidaka nguzo ya paa akaning'inia. Alipofumbua macho, dumu la maji ya kunywa lilikuwa limekwenda, mfuko wa simu umekwenda, na mota iliyowatoa gati la Mbaraki asubuhi ile imenyamaza.

Kahindi, nahodha wao, alichungulia chini ya ubao huku damu ikimtiririka kiganjani. "Imekunywa maji."

"Si tuna betri?" aliuliza Mjomba Huzaifa, aliyefunga duka lake Mji wa Kale ili aje kumwona Zoya, mpwa wake, akijaribu boti ya jua.

"Betri nzima, mzee. Mota ndiyo maiti."

Upepo wa kusi na mkondo viliwashika na kuwapeleka kaskazini. Walipiga makasia mpaka mikono ikafa ganzi, na bado nchi kavu ilizidi kuwa nyembamba, kisha ikazama.

Boti ilikuwa ya Zoya, kazi yake ya kwanza tangu amalize chuo. Paa lake lote lilikuwa paneli za sola. Paneli ikipata moto sana umeme wake hupungua, kwa hiyo alipitisha mabomba ya shaba nyuma yake. Pampu ndogo ilivuta maji ya bahari, ikayazungusha humo yabebe joto, ikayatema tena baharini. Mjomba aliyagusa yale maji yakitoka ya moto na kumcheka. "Mombasa hii mtu ahangaike na joto! Kesho utaniuzia mchanga pwani."

Kesho yake hakucheka. Alitapika usiku kucha, na chakula chao pekee kilikuwa mfuko wake wa krispi za mhogo.

"Chumvi na pilipili," alisema kwa midomo iliyopasuka. "Nami nilimwambia yule mama muuzaji aongeze."

Huo ndio ulikuwa mzaha wake wa mwisho asubuhi ile. Jua lilipopanda alianza kumwita marehemu mkewe. Kahindi aliifinya ngozi ya mkono wa mzee. Ilibaki imesimama, haikurudi.

"Dada Zoya," alisema taratibu, "bila maji mzee hafiki jioni."

Zoya aligeuka ili machozi yasionekane. Mkono wake ukagusa bomba la kutolea maji. Moto! Joto la paa zima lilikuwa likimwagika baharini mbele ya macho yake, na mjomba wake anakufa kwa kiu.

"Kahindi! Lete lile beseni la kukombea maji! Na kifuniko cha bati cha mota!"

Alijaza beseni maji ya bahari, akatumbukiza humo mdomo wa kuvuta na mdomo wa kutema, ili maji yaleyale yazunguke na kuzunguka mpaka yatoe mvuke. Alifunika kwa bati aliloliinamisha upande mmoja, akaziba mianya kwa kikoi cha Mjomba na kuweka kitambaa kibichi juu. Mvuke ungegonga bati baridi, ukageuka matone, ukateremka hadi kwenye kikombe cha chupa ya chai iliyokwisha kauka.

Walisubiri. Kikombe kilibaki kikavu.

"Yana uvuguvugu tu," alisema Kahindi. "Upepo unalamba joto lote."

Zoya aliinua macho kwenye paneli zake. Aliteseka miaka chuoni akitafuta namna ya kuzipoza. Akalikwanyua pazia la plastiki angavu lililozuia rasharasha, akazifunika nalo upepo usizifikie. Kisha akang'oa nyaya zote za paneli, akaiacha pampu inywe betri peke yake.

"Umeme usipotoka, jua lote linageuka joto."

"Zitaungua, dada."

"Ziungue!"

Paneli zililia, zikatoa harufu ya plastiki. Beseni likaanza kufuka. Kahindi alimwagia bati maji ya bahari bila kupumzika, kidonda chake kikimwasha kama moto. Ndipo tone moja likateremka, likasita ukingoni, likaanguka. Tang! Likafuata jingine.

"Yanakuja!" alipiga kelele Zoya. "Wallahi yanakuja!"

Alilowesha midomo ya Mjomba kwa ncha ya kidole, kisha akamnywesha funda moja. Mzee alifumbua jicho.

"Hayana chumvi," alinong'ona. "Ongeza."

Walimwongezea hadi jua likatua, na kulipokucha wakaanza upya. Ilipotokea tagi, meli ndogo ya kukokota, ikivuta tishari la mizigo kuelekea Mombasa, Mjomba mwenyewe aliketi akapunga kanzu, na Kahindi, aliyekwisha kunywa vikombe vyake, alipata nguvu ya kupiga kasia kukata mkondo mpaka wakaonekana.

Juu ya tagi walipewa maji ya chupa. Boti ilifungwa nyuma kwa kamba, paneli zake zimebabuka na kuwa za kahawia. Zoya alizitazama kidogo tu. Alikuwa ameinama ubavuni, akitazama mkondo wa maji yenye mvuke ukitoka tumboni mwa tagi.

"Yale ni nini?" alimuuliza fundi wa injini.

"Maji ya kupozea. Yanatoka ya moto, tunayatupa."

"Yote?"

"Yote. Tangu niajiriwe."

Zoya aliweka chupa chini. "Nipeleke nikaione hiyo injini."

"Pumzika kwanza, binti. Huko chini joto halivumiliki."

Mjomba Huzaifa alijiinua kwa kiwiko kutoka alipolazwa. "Mpeleke, bwana," alisema. "Na mimi nishike mkono, nishuke nikaone."