Dakika Nne za Duri

— Weka jina lako hapa, Ladina. Usituangushe.

Linard, mchochea moto wa gari moshi la kupanda mlima, alimnyooshea kadi iliyochafuka makaa. Ladina aliipokea huku anacheka.

— Ya nani tena?

— Ya Duri! Hujasikia? Kapata binti juzi. Alfajiri tumemfungia matawi ya misonobari kwenye injini, na mbele korongo wa mbao, yule ndege wasemaye huleta watoto, jina la mtoto kifuani. Tukipishana naye nitampa.

— Binti? Na nani?

— Na mkewe, na nani mwingine? Wewe nawe! Miaka minane Seraina anahangaika, maskini, leo Mungu kamwona.

Ladina aliandika "Hongera" na jina lake. Akairudisha kadi bila kumtazama Linard.

Kazi yake ilikuwa kuongoza watalii. Kila Jumanne basi lao la kuzunguka Alps liliwashusha stesheni ya chini, wakapanda gari moshi hili kuukuu linalojivuta kwa reli yenye meno. Wageni walifuata milima. Yeye alimfuata Duri, dereva wa gari la kushuka. Katikati ya mlima magari mawili yalipishana, injini zikanywa maji, na wao wakapata dakika nne nyuma ya tangi. Miaka mitatu sasa. Mtu mzima na akili zake, akayaita hayo maisha.

Asubuhi ile Duri alimtumia ujumbe: "Mpenzi, leo nina jambo la kukwambia." Ladina aliusoma mara sita, akiamini ni habari ya talaka.

Kupanda hadi mahali pa kupishana kulichukua dakika arobaini. Bibi Zumstein, mtalii wa kiti cha mbele, alimgusa goti.

— Mwanangu, umepauka. Ni mwinuko huu wa mlima?

— Ndiyo, bibi. Mwinuko.

Injini ya Duri ilishuka imepambwa kama bibi harusi. Wageni wakapiga makofi na picha. Linard akamkabidhi kadi, akamkumbatia. Kisha Duri akazunguka nyuma ya tangi, na Ladina alikuwa keshafika.

— Nilitaka kukwambia mwenyewe.

— Uliniambia mmetengana. Uliniambia kuna wakili.

— Wakili yupo, Ladina.

— Na mtoto umezaa na huyo wakili?

Duri aliinamisha kichwa.

— Ilitokea mara moja tu.

— Nimerudisha ufunguo wa nyumba yangu ya mjini Chur, Duri! Masanduku yangu yote yamo kwenye basi. Niyapeleke wapi?

— Sikusema uhame leo.

— Ulisema tutahamia pamoja kabla ya theluji. Tazama huko juu, hiyo nyeupe ni nini, unga?

— Siwezi kumwacha sasa hivi. Mtoto akikua kidogo...

— Kidogo kiasi gani? Akianza shule? Akiolewa?

Duri alitazama saa. Hata siku hiyo alitazama saa, na Ladina aliumia kwa hilo kuliko kwa mtoto.

— Nakupenda, Duri alisema. Na nimekukosea. Sema nisije tena, nitaomba nibadilishiwe zamu leo leo. Hutaniona maisha. Sema wewe.

Neno lilikuwa moja, "Usije", na njia nzima alikuwa amelifanyia mazoezi. Alifungua mdomo. Filimbi ya kwanza ikalia. Shavuni mwa Duri palikuwa na doa la masizi, na Ladina, huku akijichukia, alilifuta kwa kidole gumba.

— Jumanne ijayo ratiba ni ileile?

— Ileile.

— Haya. Nenda, watakutafuta.

Duri aliondoka karibu anakimbia. Ladina alirudi behewani, akajibu maswali ya wageni kuhusu mbuzi wa mlimani, akamshikia Bibi Zumstein kofia upepo ulipovuma. Gari lilipoanza kupanda, alipiga simu nyumba ya wageni iliyo mkabala na stesheni ya chini.

— Mna chumba cha kupanga?

— Kipo, dada. Kidogo, na kinaangalia reli. Wengi wanalalamikia moshi.

— Mimi sina neno na moshi.

— Mko wangapi?

— Mmoja.

— Na kwa muda gani?

Ladina alitazama chini bondeni, ambako gari la Duri lilikuwa limeshaingia msituni, halionekani.

— Sijui, alisema. Andika muda mrefu.