Maji ya Trela Pale Ilula

Jumatano ya tarehe 18 Juni 2025 ndiyo siku mambo yote yalipoharibika, na asubuhi yake nilikuwa nimelala chini ya trela pale Ilula, nagonga matangi kama kawaida.

Nafanya kazi ya kutunza trela la kliniki ya macho. Ni nyumba ndogo ya magurudumu, inavutwa na gari kutoka kijiji hadi kijiji. Ndani mna vitanda, sinki, jiko la gesi, na kachumba ambamo Nesi Atuganile anasafisha macho ya wagonjwa. Chini ya sakafu kuna matangi mawili. Tangi la mbele ni la maji safi, tunalijaza kwa mpira kutoka bombani. La nyuma linapokea kila kinachoshuka kwenye sinki: maji ya sabuni, maji ya vyombo vya dawa, na maji yaliyooshea macho yenye usaha. Koki yake nimeipaka rangi nyekundu mwenyewe.

Trela lilikuja na geji ya kuonyesha maji yamefika wapi. Geji ilikufa. Niliwaambia wakubwa wa mradi, wakasema wataangalia. Bado wanaangalia. Kwa hiyo nagonga kwa kidole. Tangi tupu linalia kama ngoma, lililojaa linanyamaza.

Asubuhi ile la nyuma lilinyamaza kabisa.

"Baba, hata sinki linarudisha maji," binti yangu Joyness aliniita kutoka dirishani. "Yananuka!"

Joyness yuko darasa la sita. Mama yake, Anjela, alitutoka miaka miwili iliyopita, kwenye zahanati ambayo bomba lake lilikuwa kavu, na sijaona mkubwa yeyote aliyekuja kunieleza kwa nini. Tangu hapo mtoto anakaa na bibi yake Kalenga, na mimi nazunguka na trela. Alikuwa ananipigia kwa simu ya bibi, anauliza tu, "Leo mmelala wapi?" Nikimtajia mahali, anauliza ni mbali kiasi gani na Kalenga.

Likizo ya Juni ilipofika, Nesi Atuganile aliniombea ofisini nije na Joyness safari nzima, Ilula hadi Makongolosi, kule mbele ya Mbeya. Ofisi ikakubali kwa sharti moja: mtoto asiguse chochote cha trela. Akigusa kikaharibika, anarudi Kalenga. Joyness aliposikia alikunja mikono kifuani, akasema, "Sitagusa hata kitasa."

Sasa, tangi hilo halimwagwi popote mtu anapotaka. Nilipaswa kupata ruhusa ya kumwaga kwenye shimo la zahanati, na ruhusa anayo mtendaji wa kijiji. Jumatatu nilikwenda ofisini kwake, nikaambiwa yuko kikaoni. Jumanne yuko kikaoni. Jumatano nikaenda tena.

"Osha vikombe nje kwenye beseni," nilimwambia Joyness. "Sinki lisiguswe mpaka nirudi."

"Sawa, Baba."

Yaliyofuata alinisimulia baadaye, akiwa na kwikwi.

Aliosha vikombe. Akaona nyuma ya trela kuna tuta la mchicha la mtu, limekauka kwa baridi na vumbi la Juni. Akamkumbuka mama yake. Kwetu Kalenga maji ya kuoshea vyombo hayatupwi. Anjela alikuwa akimaliza tu kuosha sufuria anatoka na beseni kiunoni, anakwenda kumwagia mchicha, na Joyness nyuma yake na kikopo. Basi akamwaga maji ya beseni kwenye lile tuta. Udongo ukayanywa yote mara moja. Akatazama koki nyekundu. Akawaza: haya nayo si ya vyombo? Baba amehangaika siku zote hizi, na mchicha una kiu. Nitamsaidia.

Akafungua.

Maji yalitoka kwa nguvu kuliko alivyotegemea, ya kijivu, yana povu. Yalilipita tuta, yakashika kijia, yakateremka hadi kwenye mfereji unaokwenda barabarani. Alihangaika na koki mpaka ikafunga. Alipoinua macho akaona mfereji ulikokuwa unakwenda.

Aliyepita Ilula anajua jinsi nyanya zinavyopangwa pale barabarani, kwenye ndoo na vile vikopo vya kupimia, sado, zimechongoka juu kama mlima. Na anajua zinavyong'aa. Zinang'aa kwa sababu akina mama wanazinyunyizia maji kila basi linapokaribia, ili vumbi litoke na abiria avutike. Maji hayo wanachota kwenye kidimbwi walichochimba mwishoni mwa mfereji ule ule.

Mama mmoja alikuwa ameinama anachota kwa kopo. Basi lilikuwa linapunguza mwendo.

Joyness alisimama pale na mikono yake inadondosha maji. Aliniambia alichokiona kichwani mwake si ugonjwa, wala nyanya. Aliona barabara ya Kalenga, na mimi naondoka na trela bila yeye. Hakuna aliyemwona akifungua ile koki. Angeweza kurudi kwenye vikombe vyake.

Mimi nilikuwa natoka kwa mtendaji, ambaye alikuwa kikaoni, nikasikia sauti ya mwanangu kabla sijamwona.

"Msinunue! Jamani, msinunue! Maji yameingia uchafu!"

Alikuwa amesimama kati ya basi na ndoo za nyanya, ametandaza mikono kama golikipa. Abiria wamechomoza vichwa madirishani. Mama Goodness, yule aliyekuwa anachota, alimkamata bega.

"We mtoto, una wazimu? Nani amekutuma? Wale wauzaji wa upande wa pili wa barabara, eti?"

"Hapana, Mama. Ni mimi. Nimefungua maji machafu ya trela. Ya macho ya wagonjwa. Yamekuja huku."

"Ya macho?" Mama Goodness aliutazama mkono wake uliolowa, akaurusha pembeni kama si wake. "Yesu wangu!"

Kondakta akapiga bodi la basi. "Twende zetu, nyanya za hapa zina miwani!" Abiria wakacheka, basi likaondoka. Akina mama hawakucheka. Walimzunguka mwanangu, kila mmoja na la kwake. Mmoja alisema watu wa miradi ndivyo walivyo, wanakuja na magari meupe kumwagia watu uchafu. Nilitamani kumjibu, lakini ni maneno ninayoyasema mwenyewe kila siku.

Nilifika, nikamshika Joyness mkono.

"Baba, nilitaka kumwagia mchicha," alisema. "Kama mama."

Nilikuwa nimejaza maneno makali mdomoni. Yakaniishia yote. Nilimwona Anjela na beseni kiunoni, ananiambia nimpishe njia. Nikabaki nimeushika ule mkono.

Ni Nesi Atuganile aliyetuamsha. Alikuja mbio na glavu zake, hakuuliza kosa ni la nani.

"Jofrey, chukua koleo, ziba mfereji," alimwagiza dereva. "Mama zangu, aliyegusa maji aje anawe kwa sabuni, na asijiguse macho. Nyanya tutaziosha zote. Baba Joyness, tangi safi lina maji?"

Niligonga. "Liko karibu kujaa."

"Toa yote."

"Yote? Na wagonjwa wa kesho?"

"Wa kesho ni wa kesho. Toa."

Nilifungua tangi la mbele, mpira mpya mkononi, maana ule wa kusuuzia tangi chafu haukutani kamwe na maji safi. Akina mama walipanga mabeseni. Nesi alipima dawa ya klorini, tukaosha nyanya ndoo kwa ndoo, tukazisuuza. Zilizopasuka tulizizika. Jofrey alikausha kidimbwi, akatoa tope lake, akakifukia kabisa. Joyness aliosha tangu mwanzo hadi mwisho, vidole vikamkunjamana. Hakuna aliyemwambia apumzike na yeye hakuomba.

Jua lilipoanza kushuka, mtendaji akatokea mwenyewe, anahema. Siku tatu nilimtafuta sikumpata, kelele za wauza nyanya zikamleta. Ruhusa ya shimo la zahanati aliitoa akiwa amesimama, bila kikao. Jofrey alisogeza trela, tukamwaga maji yaliyobaki mahali pake, nikalisuuza tangi hadi likalia.

Kubaki na matangi mawili matupu ni jambo la huzuni kwa mtunza trela. Nilikuwa nawaza wagonjwa wa kesho yake, nikamwona Mama Goodness anakuja kutoka bombani na ndoo kichwani, na wenzake nyuma yake.

"Kamwene," alinisalimu kwa Kihehe, kavu kavu. "Fungua hilo tangi lako. La mbele, si lile la nyuma!"

Walimimina hadi tangi likanyamaza. Aliponipa ndoo ya mwisho alimtazama Joyness, aliyekuwa amekaa ngazini na begi lake miguuni. Alikuwa amekwisha kufunga nguo.

"Unakwenda wapi, we golikipa?"

"Kalenga. Niligusa."

Nesi Atuganile alikuwa anakausha mikono. Alikuja akakaa ngazini naye.

"Joyness, sikiliza. Ulikosea, na sitakuficha. Ulifungua kitu bila kuuliza kina nini ndani na kinaelekea wapi. Maji ya sufuria ya mama yako na maji ya kliniki si kitu kimoja. Maji yaliyogusa ugonjwa yanabeba ugonjwa, hata kama hayaonekani mabaya. Kuanzia leo, kabla ya kumwaga maji tazama kwanza nani yuko chini yako. Umenielewa?"

"Ndiyo, Nesi."

"La pili. Hakuna aliyekuona. Ungenyamaza, zile nyanya zingefika mezani kwa watu, na macho ya watoto yangeugua, sisi tusijue. Ulisema wakati kusema kunakuumiza. Ofisini nitawaeleza yote, hilo la koki na hili la kusema. Mtu anayekiri kosa lake likiwa bado linatengenezeka, huyo ndiye ninayemtaka kwenye trela langu."

Joyness alilishika begi lake. "Kwa hiyo begi nilirudishe?"

"Rudisha. Na usiguse kitasa," alisema Nesi, tukacheka sote, hata Mama Goodness.

Ijumaa tuliondoka Ilula kuelekea Mbeya. Tulipofika Iringa, Joyness alibana mkono wangu tulipokuwa tunaikaribia njia ya Kalenga. Jofrey hakupunguza mwendo. Njia ikabaki nyuma, mkono ukalegea, lakini hakuutoa, na mimi sikuutaka utoke. Nilihesabu jinsi likizo ilivyobaki fupi.

Mbele yetu barabara ilikuwa imejaa. Mabasi ya safari ndefu, malori, magari ya watalii yenye vyumba vya kulala, na pembeni nyumba za wageni na hoteli za wasafiri, kila moja na bomba lake limechungulia ukutani kuelekea bondeni. Joyness alivitazama vyote, kimoja kimoja.

"Baba."

"Naam."

"Na hawa wote, maji yao machafu wanayamwaga wapi?"

Jofrey alitazama barabara. Nesi Atuganile alinitazama mimi. Nilifikiria ofisi zote nilizowahi kusimama milangoni mwake, sikuona hata moja ambayo ningempeleka mtoto akaulize.

"Baba? Wanayamwaga wapi?"