Kichupa Kilichoachwa Juani

Kila Jumamosi, akishafua sare zake za shule, Chiriku alifuatana na shangazi yake hadi maabara. Jina hilo alibandikwa nyumbani kwa sababu ya mdomo wake usiojua kupumzika. Shangazi alikuwa mtafiti wa seli za kinga, wale askari wanaoulinda mwili dhidi ya magonjwa.

"Askari hawa hawazaliwi wakijua kupigana," shangazi alimweleza walipokuwa wakivaa makoti meupe. "Wanapokua, kuna protini zinazoishika DNA ndani yao na kuamuru jeni hii iamke, ile ilale. Amri zikivurugika, seli haikomai, na mtoto huugua kila kukicha."

"Kumbe protini ndiyo mwalimu wa zamu?"

"Tena mkali," shangazi alisema akicheka.

Protini aliyoichunguza shangazi, aliyoamini ni mmoja wa walimu hao, ilihifadhiwa katika vichupa kwenye barafu, maana joto huiharibu upesi. Shangazi alipotoka kupokea simu, Chiriku alichukua kichupa cha kazi ya siku hiyo, akakiweka dirishani ili akitazame kwenye mwanga. Kisha hadubini ikamteka akili. Alipokikumbuka, jua lilikuwa limekipiga hadi kimepata moto. Alikirudisha haraka kwenye barafu, akanyamaza.

Shangazi alichanganya protini ile na DNA, akaupitisha mchanganyiko kwa umeme ndani ya kipande laini kama jeli. DNA iliyoshikwa na protini hutembea kama mtu aliyebeba gunia: hubaki nyuma. Lakini picha ilipotokea kwenye kompyuta, michirizi yote ya DNA ilikuwa sambamba, hakuna uliobaki nyuma.

Shangazi aliketi taratibu. "Basi protini hii haiishiki DNA. Miaka yote nilikuwa napiga ramli tu. Jumatatu nitawaambia wenzangu tuiache, tutafute nyingine."

Chiriku aliogopa kufukuzwa maabara, mahali alipopapenda kuliko pote. Hata hivyo, sauti ile ya unyonge ilimuuma zaidi.

"Mbona umemeza ulimi leo?" shangazi aliuliza.

"Shangazi, ni mimi. Kichupa nilikiacha juani, halafu nikakirudisha bila kusema."

Shangazi alikasirika, wala hakuficha. Alimwagiza akae kwenye kiti cha mlangoni, akatoa kichupa kingine kwenye friza, akaanza upya. Jua lilikuwa limeshapoa picha ya pili ilipotokea. Safari hii mchirizi mmoja ulikuwa umebaki nyuma kabisa.

Shangazi aliutazama, machozi yakimlengalenga. Kisha akamwita Chiriku aje auone.

"Kichupa tutapata kingine," alisema. "Lakini ungenyamaza, ningetangaza uongo nikidhani ni kweli, na wapo watoto wagonjwa ambao dawa yao isingetafutwa hapa tena. Kosa ukilisema, mwanangu, linabaki kosa tu. Ukilificha, watu hujenga nyumba juu yake bila kujua."